Nani kasema kijana wa miaka 18 kachelewa kujifunza muziki?

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi na hongera kwa gazeti, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nimeona bora niliseme hadharani kuliko kuendelea kunung'unika na wenzangu baada ya mazoezi ya kwaya.

Hapa Moshi, na Arusha nasikia ni hivohivo, kijana akifika miaka 18 au 20 akasema anataka kujifunza muziki, kwa maana ya kujifunza kweli, nota, chombo, kutunga, jibu analopewa ni moja tu, umeshachelewa. Muziki unaanza ukiwa mdogo, Wazungu wanaanza na miaka minne, wewe ndevu zishaota kasomee umeme au udereva. Sina ubaya na umeme wala udereva, ni kazi nzuri zinalisha watu, lakini huyu kijana hakuja kuuliza habari za udereva, kauliza habari za muziki na kanyimwa jibu. Na wanaomwambia hivo sio watu wabaya, ni wazazi wake wanaompenda, ni walimu wake wa shule, na kinachoniuma zaidi wengine ni walimu wenzangu wa kwaya kabisa.

Tuna binti mmoja anaimba sauti ya pili, kamaliza fomu foo juzijuzi. Sikio lake ni la ajabu, ukimpigia kodi, yaani sauti tatu kwa pamoja, kwenye kinanda anakutajia sauti zote tatu bila kukosea, alafu anakwambia ile ya katikati umeibonyeza kwa kusitasita. Alienda mahali fulani kuomba afundishwe kinanda, wakamwambia wao wanapokea watoto tu, mwisho miaka 12. Alirudi kimya. Mi ndo nikaamua kuandika hii barua, na ndo nikaona nimlete kwenu mama mmoja wa Marekani ambaye nimekuwa nikimsikiliza na kumsoma muda sasa, anaitwa Jennifer Higdon, mtunzi wa muziki wa okestra, lile kundi kubwa la wapiga vyombo, na pia mwalimu, yuko hai na bado anatunga.

Huyu mama amezaliwa tarehe 31 Desemba 1962 Brooklyn, New York, lakini hakukulia New York. Utoto wake ulikuwa Atlanta, alafu familia ikahamia Seymour, sehemu ndogo huko Tennessee, upande wa milima. Baba yake alikuwa msanii wa kuchora. Nyumbani kwao walisikiliza Beatles na miziki mingine ya wakati ule, hizi simfoni na mambo ya Beethoven hayakuwa chakula cha nyumba hiyo. Hakuna mtu aliyemkalisha kwenye piano akiwa na miaka minne. Akiwa na miaka 15 ndo akachukua fluti, ile filimbi ya chuma inayoshikwa kwa ubavu, na kitabu cha zamani cha kujifunzia, akajifundisha mwenyewe mpaka akaingia bendi ya shule. Masomo rasmi ya muziki kaanza na miaka 18. Kutunga kaanza na miaka 21.

Naomba wazazi wasome hiyo mistari miwili ya mwisho tena taratibu. Miaka 18 masomo, miaka 21 kutunga. Huyo ndo alipata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2010, ambayo kule kwao ni kati ya heshima za juu kabisa kwa mtunzi, akiwa na miaka 47. Kashinda na Grammy tatu, 2010, 2018 na 2020, zote kwa kazi za okestra. Opera yake ya kwanza ilioneshwa Santa Fe mwezi wa nane mwaka 2015 akiwa na miaka 52, umri ambao kwetu watu wanaanza kumuuliza mtu lini anarudi kijijini kupumzika.

Sasa alifikaje huko? Hapa ndo penye uzito wa barua yangu, kwasababu mtu anaweza kusema ah ni kipaji tu, Mungu kamjalia. Kipaji kipo sawa, ila ukifuatilia maisha yake unakutana na mwalimu kila kona. Alipoenda chuo kikuu cha Bowling Green kule Ohio alienda kusomea kupiga fluti, na alikuwa nyuma ya wenzake, wenzake wameshasikiliza kila kitu yeye vingi ndo anavisikia mara ya kwanza akiwa darasani. Mwalimu wake wa fluti, Judith Bentley, hakumwambia umechelewa. Ndo yeye aliyemsukuma ajaribu kutunga. Yaani mwalimu wa kupiga chombo kaona kitu kwa mwanafunzi wake ambacho wala sio kazi aliyoajiriwa kumfundisha, na akakitaja. Chuo hichohicho kulikuwa na kijana anafundisha kuongoza okestra, Robert Spano, Higdon akasoma darasani kwake, na huyu Spano baadaye kawa kiongozi wa okestra ya Atlanta na kazi za mwanafunzi wake akazipiga na kuzirekodi miaka na miaka.

Akatoka hapo akaenda Curtis, chuo cha muziki Philadelphia, kilianzishwa mwaka 1924 na tangu 1928 wanafunzi wake hawalipi ada, hata mmoja. Kisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania akasoma kwa mtunzi George Crumb mpaka udaktari. Alafu mwaka 1994 akarudi Curtis kufundisha, na akafundisha pale mpaka 2021. Hiyo ndo sehemu nayoipenda kuliko zote kwenye maisha yake, kwamba kutunga na kufundisha kavibeba vyote pamoja kipindi chote hicho, hakungoja astaafu ndo afundishe wala hakukimbia darasa alipoanza kujulikana.

Na darasa lilimlipa. Pale Curtis alikuwa na mwanafunzi mmoja, Hilary Hahn, mpiga fidla, binti aliyeingia chuo akiwa na miaka 10, ambaye sa hivi ni kati ya wapiga fidla wakubwa duniani. Huyu Hahn alisoma kwa Higdon somo la muziki wa karne ya ishirini. Miaka ikapita, mwalimu akamwandikia mwanafunzi wake kazi nzima, yaani fidla moja mbele na okestra nzima nyuma yake, wenyewe wanaita konsheto. Ikapigwa mara ya kwanza mwezi wa pili mwaka 2009 na okestra ya Indianapolis, Hahn akiwa mbele, na hiyohiyo ndo ikapata Pulitzer mwaka uliofuata. Sehemu yake ya kwanza inaitwa 1726. Unajua kwanini? Chuo cha Curtis kiko mtaa wa Locust namba 1726. Mwalimu kachukua namba ya mlango wa chuo ambapo yeye na mwanafunzi wake walikutana akaiweka juu ya muziki, na inasomwa hivo kwenye makumbi ya dunia nzima. Mi kila nikiifikiria hiyo najisikia fahari kuwa mwalimu, hata kama nafundisha kwenye mabenchi ya mbao na kinanda chenye funguo mbili hazilii.

Kuna kazi yake nyingine lazima niiongelee, inaitwa blue cathedral, yaani kanisa kuu la bluu. Ni ya mwaka 2000, chuo cha Curtis kilimwagiza aitunge kwa ajili ya miaka 75 ya chuo, na aliyeiongoza siku ya kwanza ni yuleyule Spano aliyekuwa mwalimu wake kule Ohio. Lakini wakati anaitunga alikuwa na msiba, mdogo wake wa kiume Andrew alifariki mwaka 1998 kwa kansa ya ngozi, bado kijana wa miaka 33. Jina lake la katikati lilikuwa Blue. Andrew alikuwa anapiga klarineti na dada mtu kama nilivosema ni mtu wa fluti. Basi kwenye huo muziki fluti inaingia kwanza, kwasababu dada ndo mkubwa, alafu klarineti inafuata, vinaongea vyombo viwili huku fidla zimelala chini yao kama ukungu wa asubuhi unavolala Kibosho. Okestra inapanda inapanda mpaka unasikia kifua kinajaa, alafu inashuka, na mwishoni fluti na klarineti vinarudi kuongea tena. Hapo fluti inanyamaza. Klarineti ndo inaendelea.

Niliwapigia wanakwaya wangu kwa spika baada ya mazoezi ya Jumamosi, nikawaeleza kwanza nani ni nani ili wajue wanasikiliza nini. Ilipofika mwisho mzee mmoja wa besi, mtu asiyeongea sana, akauliza, mwalimu mbona aliyekufa ndo anaendelea kuimba na mzima ndo kanyamaza? Wakakaa wanalijadili hilo mpaka mlinzi akaja kufunga mlango. Watu ambao hawajawahi kuona okestra ana kwa ana, wengi wao elimu ya muziki waliyonayo ni solfa, yaani do re mi, wameishika kazi ile kwenye kiini chake kwa kusikiliza mara moja. Alafu mtu aniambie vijana wa hapa muziki wa aina hiyo sio wao.

Na ipo nyingine ambayo vijana wameipenda zaidi, ya mwaka 2005, anayesimama mbele ni mpiga ngoma na marimba, sio fidla sio piano. Wapiga ngoma wa okestra wako nyuma kama kawaida na yule wa mbele anaitikizana nao. Kuitikizana tunakujua sisi, hatuhitaji kufundishwa. Ndo hiyo ilimpa Grammy ya kwanza.

Najua kuna watakaosema Higdon ni Mmarekani, kule kuna vyuo visivyo na ada, kuna okestra kila jiji, unamlinganishaje na mtoto wa Pasua hapa Moshi au wa Ngarenaro kule Arusha. Hoja ni ya kweli na siikwepi. Ila tuangalie kwa makini kilichombadilisha. Fluti na kitabu cha zamani, hivyo sio vitu vya kitajiri. Seymour sio jiji. Kilichombadilisha ni kwamba alipofika na miaka 18 akiwa nyuma ya wenzake, mlango haukufungwa, na ndani kulikuwa na mtu anayejua kuangalia. Hilo la mlango tunaliweza hata sisi, halihitaji mfadhili kutoka nje.

Na niwe mkweli kwa upande wa pili pia, kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika fidla hawezi kuwa Hilary Hahn, yule alianza kabla hajatimiza miaka minne, vidole na mkono wa upinde vinataka utoto. Hilo nakubali na wala simdanganyi mtu. Lakini kutunga, kuongoza kwaya, kupanga sauti, kufundisha, kupiga tarumbeta vizuri kwenye kundi, hivyo ni vitu vya sikio na akili na kujituma, na kijana aliyeimba kwaya tangu sandei skuli hajaanza sifuri hata kidogo. Ana kama miaka kumi ya kusikia sauti nne kila wiki. Higdon mwenyewe hakuwa na hiyo.

Tena sisi wa Kilimanjaro ndo tusingetakiwa kuongea habari za kuchelewa. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na desturi ya tarumbeta za kanisani tumeirithi kwa Wajerumani, wazee wetu wengi walizijifunza wakiwa watu wazima, wengine wana wake na watoto, wanatoka shambani wanaosha mikono wanaenda kupuliza. Hakuna aliyewaambia wamechelewa. Leo pita kwenye sharika zetu uulize tarumbeta ziko wapi, utaambiwa ziko stoo. Nimeingia kwenye stoo moja, sitaitaja, nikakuta tarumbeta kadhaa na tromboni moja chini ya viti vilivyovunjika, pistoni za kubonyeza zimeganda, moja imewekewa maua ya plastiki mdomoni. Ufunguo wa stoo uko kwa mtu mmoja ambaye ukimuuliza anasema vyombo ni vya kanisa visije vikaharibika. Vinaharibika humohumo ndani!

Kuna kijana wa bodaboda hapa mtaani kwetu, ana miaka 22, tulimpa tarumbeta moja kati ya zile tulizofanikiwa kuzitoa. Pistoni ya kati ilikuwa haipandi, tukaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaiweka mafuta kidogo ya cherehani kwasababu mafuta yenyewe hayapatikani hapa, ikaanza kucheza. Mwanzo alikuwa anapuliza kwa mashavu, anatoa upepo tu, nikamwambia weka chombo pembeni, bana midomo uitetemeshe bila chombo kwanza, akawa anafanya hivo kijiweni wakati anasubiri abiria, wenzake wanamcheka yeye anaendelea. Sa hivi anasoma mstari wa sauti ya kwanza kwenye nota, polepole, kidole kinafuata, lakini anasoma. Juzi kaniletea karatasi kaandika sauti ya pili ya wimbo mmoja wa ibada, kaitunga mwenyewe, kuna sehemu mbili sauti zinagongana vibaya na kuna sehemu moja imetulia mpaka nikamuuliza umeitoa wapi hii, akasema nimeisikia tu kichwani. Miaka 22. Mwaka mmoja tu juu ya umri ambao Higdon alianza kutunga.

Jambo jingine dogo nilitaje nipite. Higdon muziki wake anauchapisha mwenyewe kupitia Lawdon Press, nota zake hazijauzwa kwa kampuni kubwa, okestra ikitaka kupiga inakuja kwake. Watunzi wetu wa kwaya nota zao zinatolewa kopi stesheneri kuanzia hapa mpaka Singida, na jina la mtunzi wakati mwingine limekatwa juu kwenye karatasi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kisheria tangu sheria ya mwaka 1999, watunzi wa kwaya jisajilini, na kamati za kwaya angalau andikeni jina la mtu. Hilo linataka barua yake peke yake, ntaandika siku nyingine.

Ninachoomba ni hiki. Fomu foo wanamaliza mwezi wa kumi na moja, matokeo yanatoka mwezi wa kwanza, fomu faivu wanaingia mwezi wa saba. Hiyo ni miezi mingi vijana wako nyumbani, na ni haohao wako kwaya kila Jumapili. Sharika na parokia zitumie miezi hiyo. Kamati ya muziki imtafute mtu mmoja anayejua nota, imlipe hata nauli na chakula cha mchana, ifungue stoo, iweke siku mbili kwa wiki, na isiulize umri mlangoni. Chuo Kikuu cha Makumira kiko hapo Usa River na kina shahada ya muziki, wanafunzi wao ni vijana wa hukuhuku, wakiombwa waje kufundisha wakati wa likizo naamini wapo watakaokuja. Wakuu wa shule nao, mtaala mpya umeleta mkondo wa amali na sanaa imo ndani yake, msiache muziki ubaki kwenye karatasi kwasababu tu hamna piano, anzeni na sauti za watoto, na solfa ubaoni.

Na walimu wenzangu wa kwaya, mwanakwaya akija kuomba kujifunza, kabla hujamuuliza ana miaka mingapi mwimbishe kwanza. Mpe skeli, mpe wimbo asioujua, sikiliza anafanya nini akikosea, maana mwenye sikio utamjua kwa namna anavojirekebisha bila kuambiwa. Huyo mchukue.

Yule binti wa sauti ya pili tumeshamwanzishia kinanda, anakuja saa tisa kabla wenzake hawajafika. Wazazi wake walikuwa wanasita, nimekaa nao, tumeelewana afanye mpaka majibu ya fomu faivu yatoke alafu tuone.

Na kama kuna msomaji wako hapa Moshi ana tarumbeta bovu, klarineti, fluti, kinanda kilichokufa, chochote kimelala stoo au juu ya kabati tangu babu afariki, asikiuze kwa wa vyuma chakavu. Atuletee Jumamosi mchana, fundi tunaye, na wa kukipuliza wapo wanasubiri.

Mwalimu wa kwaya,
Majengo, Moshi